Sharti Lililosahauliwa katika Shahada ya Ubongo

Anayetaka shahada ya heshima ya sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu katika vyuo vikuu vya Kanada au Uingereza hukabidhiwa orodha ndefu ya masharti: baiolojia, kemia, takwimu, saikolojia, alama zisizoshuka chini ya kiwango, na mwaka wa mwisho tasnifu ya utafiti chini ya msimamizi. Hapa kwetu Tanzania njia kuu ya kuufikia ubongo ni udaktari wa miaka mitano, kama ule wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, na huingii huko bila kufaulu fizikia, kemia na baiolojia kidato cha sita. Masharti hayo ni ya haki, na sioni hata moja la kupunguza. Ninachodai ni kwamba limesahauliwa moja, tena zito: mwanafunzi alazimike kuchunguza, kwa ukali uleule anaochunguzia seli, swali la dhamana ya mtu juu ya matendo yake. Asiyelifaulu asipewe heshima hiyo, hata kama tasnifu yake ya maabara imepata alama zote.

Swali hilo lipo Keko, Dar es Salaam, wala halingoji mwanafalsafa. Kando ya barabara mafundi samani hupiga vanishi kwenye vitanda na makabati, na vanishi hiyo huzimuliwa kwa thina. Anayepuliza mara nyingi hana cha kujikinga zaidi ya kitambaa puani, na harufu inafika hadi kwa muuza chai. Thina nyingi zina toluini, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, na sehemu nyeupe ya ubongo imejengwa kwa nyuzi zilizovikwa mafuta. Kwa watu waliovuta toluini kwa makusudi miaka mingi, madaktari wameona sehemu hiyo ikiharibika, na pamoja nayo kumbukumbu, umakini na uwezo wa kujizuia. Katika Keko hiyohiyo kuna gereza, na ndani yake mahabusu wanaosubiri kesi. Tuseme mmoja wao ni mtu aliyeharibiwa na mivuke ya namna hiyo, na ameshtakiwa kwa kumjeruhi jirani. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinataka kujua kama ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe alichokuwa akifanya, au asijue kwamba hakupaswa kukifanya. Mtaalamu ataitwa. Picha ya ubongo aliyoishika itaonyesha kovu, lakini haitasema kama kovu hilo limefuta ujuzi wa mema na mabaya au limeupunguza tu. Ili aseme lolote la maana, lazima awe amefikiri kwa kina maana ya kuelewa, kujua na kuweza. Hayo hayafundishwi kwenye darasa la kemia.

Mtu atasema sayansi yenyewe italimaliza suala hili, tuipe muda. Tazama basi mahali ambapo sayansi imekwenda mbali zaidi, yaani uraibu wa heroini (unga). Kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, kisha huduma ikafika Mwananyamala na Temeke. Mgonjwa huja asubuhi, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, akaondoka, na kesho akarudi. Dawa hukamata vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo heroini huvikamata, ila kwa upole na kwa muda mrefu, kiasi kwamba arosto, yaani maumivu ya kuikosa heroini, haimwangushi mtu kwa siku nzima. Mwaka 1997 Alan Leshner wa Marekani aliandika kwamba uraibu ni ugonjwa wa ubongo, na kauli hiyo imewaokoa wengi na fimbo na matusi. Naiunga mkono kwa sababu hiyo. Lakini miaka ya 1970 Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliozama kwenye heroini huko Vietnam, akakuta kwamba walio wengi waliporudi nyumbani waliacha, wengi wao bila matibabu. Ubongo ulikuwa uleule. Yaliyobadilika ni mazingira, watu na sababu za kuishi. Naye yule anayepanga foleni Temeke kila asubuhi anatibiwa ubongo, ni kweli, ila miguu iliyomfikisha hapo aliiamuru mwenyewe. Akiambiwa ni mgonjwa tu, ananyang'anywa sifa ya uamuzi ule. Na akiitwa mwenye dhambi tu, ananyimwa dawa. Mhitimu asiyeweza kuyashika yote mawili kwa pamoja atawapotosha mama wa kijana, imamu na hakimu, kila mmoja kwa namna yake.

Hata ndani ya maabara swali halikwepeki. Mwaka 1983 Benjamin Libet alichapisha majaribio ambamo watu waliambiwa wakunje kifundo cha mkono wakati wowote wapendao. Umeme wa ubongo ulianza kupanda karibu nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, ilhali watu wenyewe walisema walihisi nia mnamo sekunde 0.2 tu kabla. Wengi wakatangaza kwamba hiari imekufa. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake wakaonyesha kwamba kupanda kule kunaweza kuwa ni mawimbi ya kawaida ya ubongo yanayojikusanya hadi kuvuka kizingiti, wala si uamuzi uliokwisha kufanyika. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama kwa nguvu zake zote. Walichotofautiana watu hao ni kipi kihesabiwe kuwa uamuzi, na hakuna mashine inayopima hilo kabla binadamu hajalifikiria. Ukiliacha swali la hiari kwa sababu si la kisayansi, utalijibu kimyakimya kila unaposoma matokeo yako, na utalijibu vibaya.

Wapo watakaohofu kwamba mlango ukifunguliwa, dini itaingia kuiamrisha maabara. Hofu hiyo ina msingi, kwani kifafa kimeitwa mashetani kwa vizazi na wagonjwa wameumia kwa jina hilo. Lakini si yote yatokayo kwenye dini ni ya namna hiyo. Fikihi ya Kiislamu imeweka akili timamu kuwa sharti la taklifu, yaani kuwajibishwa mbele ya sheria ya dini: mwendawazimu, mtoto na aliyelala hawaandikiwi dhambi. Kanisa Katoliki nalo hufundisha kwamba dhambi ya mauti huhitaji ujuzi kamili na ridhaa ya hiari. Hizo ni karne nyingi za kupima dhamana kwa viwango, kazi ambayo sayansi ya ubongo imeianza juzi. Kuzisoma hakumlazimishi mtu kusali. Kunampa vipimo ambavyo wagonjwa wake tayari wanavitumia wanapojihukumu wenyewe.

Pingamizi gumu zaidi ni la umaskini: nchi yenye madaktari wachache wa mishipa ya fahamu haina muda wa falsafa, iwafundishe kutibu kwanza. Nalisikia, na halinishawishi. Tanzania ilikwisha kuamua zamani kwamba mhandisi na mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, wasome Masomo ya Maendeleo wapende wasipende, kwa kuwa utaalamu usiojua jamii unayoihudumia ni hatari. Nafasi katika ratiba ilipatikana. Na palipo na wataalamu wachache, neno la kila mmoja huwa zito zaidi, maana hakuna wa pili wa kumpinga mahakamani.

Sidai kozi ya mihadhara ya kukariri majina ya wanafalsafa wa Ugiriki. Hiyo ingekuwa mzigo usio na faida. Nadai kwamba siku ya kuitetea tasnifu, kando ya mabingwa wa ubongo akae mtahini mmoja wa sheria au wa elimu ya dini, na mwanafunzi awekewe mezani kisa kimoja cha aina ya vile vya Keko au Temeke, aeleze ubongo umefanya nini, mtu amefanya nini, na kwa hoja gani anatenganisha hayo mawili. Akishindwa, arudishwe kusoma na kufanya mtihani upya, kama anavyorudishwa aliyeanguka takwimu.