Je, Kila Alaye Sana Ni Mlafi?

Tumtazame baba mmoja wa Annexe, komini inayouzunguka mji wa Lubumbashi. Kodi ya nyumba imemshinda. Usiku, akiisha kula bukari na kushiba, huirudia tena sufuria. Nasi majirani twasema: Mlafi huyu! Je, twahukumu kwa haki?

Waganga watueleza hivi. Hofu ya ghafula huondoa hamu ya chakula. Lakini wasiwasi ukikaa siku nyingi, tezi mbili zilizo juu ya mafigo humimina katika damu homoni iitwayo kotisoli, nayo yaweza kuamsha hamu, hasa ya sukari na mafuta. Chakula hicho hutuliza moyo kidogo. Kisha wasiwasi hurudi, maana deni lingalipo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba ulafi ni tamaa isiyofuata akili. Basi baba huyu asiseme, “Ni damu yangu tu,” kwani hana budi kujitawala. Lakini kosa lake si sawa na la mtu alaye kwa anasa, asiye na hofu yoyote. Sisi nasi tumwulize habari za deni lake, tusimhesabie matonge.