Wa Saa Kumi na Moja



Kitabu cha Sala cha zamani kimetuwekea Mathayo 20, mstari wa 1 hadi wa 16, kuwa Injili ya Septuagesima, yaani Jumapili ya tatu kabla ya Kwaresima. Kwetu Kenya Jumapili hiyo huangukia Januari au Februari, wakati matokeo ya kidato cha nne yako mikononi mwa watu. Wadogo wamevaa sare wamekwenda shuleni. Wale waliomaliza wamebaki nyumbani. Wachache wanangoja kwenda chuo kikuu, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini wengine wengi wamekaa chini ya mwembe, cheti kimo ndani ya bahasha ya kaki, na kila jioni baba akirudi anauliza swali lile lile: "Umepata?" Kwa ajili ya hao tunaandika mwezi huu.

Mfano wa Bwana wetu mnaujua. Mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri kutafuta vibarua. Akatoka tena saa tatu, na saa sita, na saa tisa, na mara ya mwisho saa kumi na moja. Wasomaji wa lugha nyingine huhitaji kufafanuliwa saa hizo. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji, maana tunahesabu saa kama walivyohesabu wao. Saa kumi na moja ni jioni. Jua limelala, kuku wanatafuta pa kulala, na mama ameinjika sufuria bila kujua kitakachoingia ndani yake. Saa hiyo bado kulikuwa na watu wamesimama sokoni. Walipoulizwa kwa nini wamesimama kutwa bila kazi, walijibu kwamba hawakupata mtu wa kuwaandika.

Angalieni, ndugu, jinsi bwana yule alivyolipokea jibu hilo. Hakuwaambia kwamba ni wavivu. Hakuwauliza walisoma wapi, wala hakuwasimulia habari za ujana wake yeye. Aliwapeleka shambani. Na jua lilipozama aliwapa dinari nzima, ujira wa siku nzima, maana njaa ya watoto nyumbani haipungui kwa sababu baba alianza kazi jioni.

Sisi tumezoea kufanya kinyume. Tukimwona kijana amesimama, neno letu la kwanza ni kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Wako wavivu, hatukatai, na Mtume Paulo amewapa neno lao katika 2 Wathesalonike 3:10. Lakini kabla ya kumhukumu kijana yafaa tujiulize: sisi tuliomlea na kumsomesha, tulimtengenezea njia gani kutoka darasani hadi kazini? Au tulimfikisha kwenye lango la shule, tukafunga, tukamwambia, "Haya, nenda"?

Swali hili si geni katika Kanisa. Baada ya uhuru wa 1963 shule ziliongezeka, na watoto waliomaliza darasa la saba waliongezeka kuliko nafasi za sekondari na za kazi. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa la nchi yetu, pamoja na chama cha makanisa cha mambo ya elimu, lilitoa taarifa iliyouliza swali moja tu: baada ya shule, nini? Wala halikuishia kuuliza. Kutokana na taarifa ile vilianzishwa vyuo vidogo vya ufundi vijijini, ambavyo wengi wetu tuliviita politekniki. Shabaha ilikuwa nyepesi kueleweka. Kijana ajifunze karibu na kwao, kwa gharama ndogo, kazi ambayo watu wa mahali pale wanaihitaji: useremala, uashi, ushonaji, uhunzi, ukulima. Ajifunze kwa kujenga na kushona vitu vyenyewe, ili akimaliza majirani wawe wamekwisha kuiona mikono yake. Baadaye Serikali ilivisaidia vyuo hivyo, na Katiba ya 2010 imevitaja na kuviweka chini ya kaunti.

Kilichovipunguzia nguvu hakikuwa ukosefu wa nyundo tu. Sisi wazazi tuliviona kuwa ni mahali pa walioshindwa. Mtoto aliyefaulu alikwenda sekondari na jina lake likatangazwa kanisani. Aliyekwenda politekniki alikwenda kimyakimya, kama aliyefanya kosa. Mwaka 1985 ulipokuja utaratibu wa 8-4-4 wenye masomo ya mikono tangu shule ya msingi, wazazi walichanga fedha, karakana zikajengwa, na watoto wakapeleka nyumbani vijiko vya mbao. Lakini heshima haikuhamia karakana. Siku hizi upo Mtaala wa Umilisi, ulioanza 2017, nao vilevile unataka mtoto ajulikane kwa anachoweza kufanya. Twauombea heri. Lakini mtaala hauwezi kubadilisha yale tunayomwambia mtoto mezani wakati wa chakula cha usiku. Ikiwa tunamwambia, "Soma usije ukawa fundi," tumekwisha kumfundisha, na mwalimu hataweza kulifuta somo hilo.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno uanagenzi. Mwanagenzi aliketi karibu na fundi wake. Kwanza alifagia takataka za randa, kisha akashika upande mmoja wa msumeno, kisha akapewa kazi ndogo, na mwisho kazi kubwa. Hakuna siku aliyotupwa nje peke yake. Nao walisema: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Hawakuidharau elimu. Walitaka nta na asali vikae pamoja.

Na Maandiko yanasema vivyo hivyo. Katika Kutoka 31 Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake, ili afanye kazi ya dhahabu, ya mawe na ya mbao, akampa Oholiabu awe msaidizi wake. Mtume Paulo alisoma miguuni pa Gamalieli, tena alijua kushona hema. Na alipofika Korintho akiwa mgeni, Akila na Prisila, watu wa kazi ile ile, walimpokea akafanya kazi kwao (Matendo 18). Na Bwana wetu mwenyewe watu wa kwao walimjua kuwa seremala (Marko 6:3). Wao walilisema hilo kwa dharau. Je, sisi tunalisemaje?

Sasa yatupasa kuungama, maana haifai kuwanyoshea wengine kidole nasi mikono yetu ni michafu.

Alikuwapo kijana wa Kanisa letu, aliyepata Kipaimara hapa. Baada ya kidato cha nne alisoma useremala miaka miwili na kufaulu mtihani wa ufundi wa daraja la tatu. Akaja kutuomba barua ya kumjulisha kwa waajiri. Tukamwandikia, tukagonga mhuri, tukamwombea. Akarudi mara ya pili, na ya tatu, na ya nne, na kila mara tuliandika barua nzuri kuliko ya kwanza. Mwaka huo huo paa la kanisa lilikuwa linavuja upande wa wanakwaya. Baraza la parishi lilikaa, likapitisha fedha, likamwita mkandarasi kutoka mjini na watu wake. Kazi ilichukua wiki tano. Kijana yule alipita hapo nje karibu kila siku. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba seremala tunaye. Tulikuwa tunawaandikia watu wengine wamwajiri, na sisi wenyewe tulikuwa na paa.

Mara ya tano hakuja. Tulisikia amekwenda Mombasa, kisha hatukusikia tena. Mama yake bado huketi kwenye benchi lake la siku zote, chini ya paa lile, na Jumapili moja baada ya ibada alituuliza kwa upole, "Hivi mbao hizi mlizipiga wenyewe?" Hatukuwa na jibu.

Ndugu, barua yetu haikutugharimu kitu. Bwana wa shamba hakumpa mtu barua. Alimpa kazi na ujira. Basi baraza la parishi limekubali mambo matatu, nasi tunawasihi kila nyumba iyashike.

La kwanza, tujue tulio nao. Jumapili mbili zijazo wazee wa kanisa watakuwa mlangoni na daftari. Kila kijana aliyemaliza shule aandikishe jina lake na kazi anayoijua au anayotaka kujifunza. Wasichana pia, wala wasiandikwe ushonaji kabla hawajaulizwa. Yuko anayetaka umeme, na yuko anayetaka uashi. Tangu leo hakuna kazi ya parishi itakayotolewa nje kabla daftari hilo halijasomwa mbele ya baraza.

La pili, kila fundi Mkristo awe na mwanagenzi mmoja. Ninyi wenye gereji, cherehani, maduka na mashamba, mchukueni mtoto mmoja siku za Jumamosi na za likizo, kabla hajamaliza shule. Hapo atajifunza yale ambayo ubao haumfundishi vizuri: kufika kwa wakati, kupima mara mbili kabla ya kukata, kuzungumza na mteja mwenye hasira, kutunza fedha isiyo yake. Nanyi vijana, msikatae kufagia. Mchagua jembe si mkulima.

La tatu, tulipe. Tunasikia haya kulisema hili, lakini wako washarika ambao bado wanadaiwa na fundi nguo za Krismasi. Yakobo 5:4 inatuambia kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana wa majeshi. Kijana aliyefungua kibanda chake akikopwa na watu kumi wa kanisani, kibanda kitafungwa, nasi tutasema vijana hawadumu kazini.

Haya ni machache, na sokoni wamesimama wengi. Hatuna uwezo wa kuajiri kijiji kizima. Lakini mwenye shamba yule naye hakuwaandika wote kwa mara moja. Alitoka, akarudi, akatoka tena mara tano kwa siku moja. Mtu aliyekwisha kupata vibarua vya asubuhi alikuwa na haki ya kukaa kivulini. Yeye alitoka hata saa kumi na moja, kwa sababu alijua kwamba bado kuna watu wamesimama. Kanisa linalokaa kivulini jioni limemwacha Bwana wake atoke peke yake.

Na wewe kijana unayesoma ukurasa huu chini ya mwembe, usidhani saa yako imepita. Njoo uandike jina. Na kama tulikuandikia barua na hatukukupa kazi, utusamehe.

Tuombe: Ee Mungu, uliyemjaza Bezaleli Roho wako, na kumpa Mwanao jina la seremala, wape vijana wetu kazi ya mikono yao, utupe sisi macho ya kuwaona na haki ya kuwalipa, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni sisi watumishi wenu katika shamba lake.