Mkasi wa Mkulima

Somo: Yohana 15:1–8



Somo letu la mwezi huu mnalijua kwa moyo. Bwana wetu, katika usiku ule wa mwisho pamoja na wanafunzi wake, alijiita mzabibu, akamwita Babaye mkulima, na hao wanafunzi akawaita matawi. Katika nchi zisizo na mizabibu watu hulisoma somo hili kwa kubuni. Sisi wa Dodoma hatuna udhuru huo. Tangu wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana walipoileta mizabibu katika miaka ya 1950, zao hili limeenea, hata leo mtoto wa Hombolo au Mpunguzi huujua mkasi wa kupogolea kabla hajajua kufungua Biblia. Tena nchi yetu yavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Palestina hawakulijua.

Na tuanze na hilo la mara mbili, maana ndani yake mna neno. Katika Palestina, kama katika Ulaya, baridi ikija mzabibu hupukutisha majani yake ukalala. Mkulima huukata ukiwa umelala, na joto likirudi unaamka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Mzabibu wa Dodoma ukiachwa wenyewe huendelea tu kurefuka, majani juu ya majani, na matunda machache huko nchani. Basi mkasi ndio baridi yetu. Mkulima akiisha kuvuna Agosti au Septemba huuacha mti upumzike kidogo, kisha hukata, na macho yaliyobaki hushtuka yakachipua. Baada ya miezi kama minne mashada mengine yako tayari, Februari au Machi. Asipokata, havuni. Hatusemi kwamba havuni vizuri. Twasema havuni kitu cha kutajwa.

Wako wanaodhani kupogoa ni kupunguza tu, kama mtu apunguzavyo ua wa minyaa. Sivyo. Tunda la mzabibu hutoka katika chipukizi jipya, na chipukizi hilo lenye tunda hutoka katika jicho la tawi la msimu uliopita. Tawi kongwe la miaka mingi likichipua, aghalabu hutoa majani matupu. Kwa hiyo mkulima hulitafuta tawi la msimu uliopita, lenye unene wa kalamu ya risasi, akalikata fupi na kuacha macho mawili au matatu. Hukata juu ya jicho, nafasi ya upana wa kidole, na mkato huuinamisha upande usio na jicho, ili maji yatokayo yasilidondokee. Maana mzabibu uliokatwa hulia. Hudondosha maji kwenye jeraha kwa siku kadhaa, na mgeni akiona hudhani mti unakufa. Kisha mkulima huyaondoa machipukizi ya chini ya shina, na matawi yanayopandana, ili jua na upepo vipite, kwa kuwa ubwiri unga hupenda kivuli kizito. Na atokapo kwenye mti mgonjwa kwenda kwenye mti mzima, huyasafisha kwanza makali ya mkasi.

Sisi tuliosomea chuo cha ualimu wakati wa Elimu ya Kujitegemea tuliondoka pale na cheti, na jembe, na imani kubwa kuliko maarifa. Katika shule moja tuliyofundisha palikuwa na mizabibu 60. Mwaka mmoja tukawapa watoto wa darasa la sita mikasi, tukawaambia, “Safisheni,” kisha tukaenda ofisini kusahihisha madaftari. Walisafisha kweli. Walikata kila tawi hadi kwenye shina, laini kama mguu wa meza, na Mwalimu Mkuu alitusifu kwa unadhifu. Msimu ule tulipata majani ya kulisha mbuzi wa kijiji kizima, na zabibu hazikujaza hata kikapu kimoja. Watoto hawakuwa na kosa. Mikono ilikuwa yao, na mkasi ulikuwa mzuri, lakini aliyepaswa kujua sababu ya kila mkato hakuwapo shambani.

Sasa turudi kwenye somo. Mstari wa pili wataja kazi mbili za mkulima. Kuna tawi lisilo na tunda, nalo hukatwa likatolewa nje. Na kuna tawi lenye tunda. Hilo nalo haliachwi lilivyo, bali hutiwa mkasi lipate kuzaa kuliko kwanza. Kwa kazi hii ya pili Biblia yetu yatumia neno kusafisha. Katika Kiyunani maneno hayo mawili yakaribiana kwa sauti, airei na kathairei, na hili la pili ni ndugu wa neno la mstari wa tatu, ambapo Bwana awaambia wanafunzi kwamba wamekwisha kuwa safi kwa lile neno alilonena nao. Angalieni sana hapo. Chombo cha Baba kimetajwa: ni neno. Haikutajwa homa, wala ajali, wala jeneza.

Twayaandika haya kwa kuwa tumelikosea somo hili mbele ya watu, na yule tuliyemkosea angali nasi katika parishi hii. Ametupa ruhusa tuyaandike, ila jina lake tusilitaje.

Miaka 6 iliyopita mama mmoja mkulima wa zabibu alifiwa na mwanawe wa pekee, kijana wa miaka 19, kwa ajali ya pikipiki. Sisi tulipewa kusema neno la faraja kwa niaba ya wazee wa kanisa. Tukasimama, tukafungua Yohana 15, tukasema kwamba Baba amepogoa, na kwamba nyumba ile itazaa zaidi. Watu wakaitikia amina. Tulirudi nyumbani tukijiona tumehubiri. Mama yule hakuonekana tena kanisani. Tulisema moyoni kwamba huzuni imemlemea na kwamba muda utamponya. Ndivyo wanadamu tusemavyo tusipotaka kwenda kumwona mtu.

Mwaka jana, baada ya mavuno ya Septemba, tulikwenda. Tulimkuta shambani akipogoa. Tukamwambia “Mbukwenyi,” akaitikia vema, akatugeuzia ndoo tupate kuketi, naye akaendelea kukata. Kitambo kikapita. Kisha akasema bila kutuangalia:

“Mwalimu, kazi hii naifanya mara mbili kila mwaka tangu nilipoolewa. Sijapata hata siku moja kukata shada linaloiva nikaita kupogoa. Shada likianguka kabla ya wakati wake, mimi ndiye wa kwanza kulia. Siku ile, Mwalimu, ulisema Mungu alilikata shada langu, akaita kupogoa. Tangu siku ile namwogopa.”

Hatukuwa na jibu. Miaka 38 ya kushika chaki haikutupa jibu.

Usiku ule tuliisoma tena sura nzima, na nyingine zilizoitangulia. Katika Yohana 11 Bwana anafika Bethania, Lazaro amekwisha kuzikwa siku nne. Dada zake wawili, kila mmoja kwa zamu, wamwambia kwamba laiti angalikuwapo ndugu yao asingalikufa. Hapo palikuwa mahali pazuri sana pa kueleza habari za mkulima na matawi, kama ndipo habari hizo zinapotumika. Hakuzieleza. Alilia. Na yale ya mzabibu aliyaweka hata usiku wa kuamkia kifo chake, akawaambia watu wazima waliokwisha kufanya kazi pamoja naye, waliokuwa na tunda mkononi, na ambao kesho yake wangedhani kwamba hawana kazi tena.

Je, twasema Mungu hayupo katika misiba yetu? Hasha. Yupo, na ndiye atushikaye. Lakini kuwapo si sawa na kukata. Wala hatusemi kwamba huzuni haiwezi kuzaa kitu; wako waliotoka msibani na moyo mpana zaidi, nao wenyewe wakashuhudia kwamba mkono wa Baba ulikuwa pale. Hilo ni lao kulisema. Sisi tupitao njiani nje ya shamba hatujui mkato upi ni wa mkasi, na upi ni wa mbuzi aliyeruka ua. Hata Torati, katika Walawi 25, iliupa mzabibu mwaka mmoja katika miaka saba usiguswe na chuma. Wako jirani zetu ambao mwaka wao ndio huo, nasi twawaendea na mkasi wa midomo.

Kama mwataka mfano wa mkasi wenyewe, tutautaja ule uliotupata sisi, kwa kuwa huo twaweza kuusema. Miaka 2 iliyopita Mchungaji alituita ofisini, akafunga mlango, akatuomba tuuache ukatibu wa halmashauri ya parishi tuliokuwa nao kwa miaka 14, na uongozi wa kwaya pia. Hapakuwa na wizi wala ugomvi. Kazi ilikuwa inakwenda. Hapo ndipo palipokuwa na uchungu: tawi lililozaa ndilo lililokatwa! Wakulima wanaotusoma watatucheka, maana wao hufanya hivyo kila msimu bila kuomba radhi. Tawi lililokwisha kutoa mashada ndilo lifupishwalo. Sisi hatukucheka. Kwa miezi mitatu tulikaa kiti cha nyuma kabisa, na kwenye matangazo tulikuwa tukiangalia dari.

Kisha Jumapili moja kijana aliyechukua kazi ile alisimama akasoma mapato na matumizi ya parishi kwa dakika 10. Sisi tulikuwa tukiyasoma kwa dakika 40. Watu walielewa, tena wakauliza maswali, jambo ambalo hatulikumbuki zamani zetu. Tukaanza kuona kwamba palikuwa na kivuli kizito pale tulipokuwa tumesimama. Mkato ule ulikuja kwa neno, ulikuja baada ya mavuno, na aliyekata alikuwa ameketi nasi akijua ni jicho lipi analoliacha. Jicho alilotuachia ni darasa la kipaimara siku ya Jumamosi, na kuandika humu gazetini. Na siku nyingine za juma zikawa tupu. Tungalibaki na vyeo vile, tusingalipata siku ya kwenda kuketi juu ya ndoo ya yule mama; kwa miaka mingi hatukuipata.

Siku ile shambani tulimwomba radhi. Hakusema kwamba amesamehe, wala hakusema kwamba hakusamehe. Alituwekea mkasi mkononi, akatuonyesha tawi moja, akauliza, “Mwalimu, hapa utakata wapi?” Tukaonyesha. Akasema hapana, akasogeza mkono wetu juu kidogo, jicho la tatu.

Nabii Ezekieli, sura ya 15, auliza kama mti wa mzabibu wafaa hata kutengeneza kigingi cha kutundikia chombo, na jibu ni kwamba haufai. Kwa seremala ni kweli. Lakini yale matawi ya msimu yaliyokatwa, yakigawanywa vipande vyenye macho manne na kufukiwa nusu, huota mizizi. Mama yule aliokota yaliyokuwa chini, akachagua, akafunga fungu moja kwa kamba ya katani, akasema tukayapande kanisani, nyuma ya ofisi, karibu na bomba. Vilikuwa vipande 20. Vilivyoshika ni 12. Vikipata nguvu vitahitaji kukatwa mara ya kwanza, na amesema atakuja kuvikata mwenyewe, maana haoni kama sisi twaweza kuachiwa mkasi.