Haki ya Mtoto Katika Kutazama Maporomoko ya Maji

Imezuka desturi kwa wengi wetu, nayo kwa asili yake ni njema: mtu akipata siku ya mapumziko katika miezi ya joto la kaskazi, humtwaa mwanawe akavuka naye Likoni, akapanda Kwale, akaingia msitu wa Shimba kwenda kutazama maporomoko yaitwayo Sheldrick. Nia iliyotamkwa nyumbani ni hiyo, kutazama maji. Na nia iliyokaa moyoni, mara nyingi, ni kurudi na picha. Ndani ya jambo hili dogo mna swali ambalo wengi hulipita bila ya kulisimamia: mtu akimwahidi mtoto kitu, kisha akamfikisha mahali pa kitu hicho na yeye mwenyewe asiwe pamoja naye, je, ametimiza ahadi?

Kwanza tuiondoe njiani hukumu ya picha, kwani najua ndiyo itakayomjia msomaji mbele. Maji, miti na mawe havina roho, na imepokewa kwa Ibn Abbas, Allah amridhie, kuwa mtu aliyekuwa akila kwa kazi ya sanamu alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Ama picha ya kamera yenye mtu ndani yake, wanavyuoni wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hata 1920, aliandika risala ya kuijuzisha, na hoja yake ni kuwa kamera haiumbi kitu, bali hukizuia kivuli cha kilichokwisha kuumbwa. Asiyeridhika na kauli hiyo ana wanavyuoni wake, wala hatugombani naye hapa. Maneno yetu ni ya saa moja tu, saa ya kule chini majini, ni ya nani.

Kwani saa hiyo ni fupi. Msitu hufungwa saa kumi na mbili za jioni, na aliyeswali alasiri ndipo akaanza kuteremka hana wasaa mwingi. Njia ni ya kilomita mbili hivi, yote mteremko, wala haiendwi illa kwa kuandamana na askari wa wanyama, kwa kuwa ndovu wamo. Kwa mtoto njia yenyewe ni kitabu. Ataona mavi ya ndovu mabichi na aulize yalianguka lini. Ataona siafu wakikata njia, naye ataka kusimama mpaka wa mwisho apite. Atayasikia maji kabla ya kuyaona, na hapo huuacha mkono wa babake. Kisha yatamtokea, urefu wa mita 21 hivi, yakiangukia kidimbwi, na upepo wake baridi usoni.

Hapo ndipo penye maneno ya kumwambia. Mwambie kuwa vilima hivi huzipokea pepo za bahari zenye unyevu, zikapanda, zikapoa, zikawa mawingu na mvua. Kuwa msitu huinywa mvua hiyo ukaitoa kidogo kidogo, ndiyo maana maji yapo hata kaskazini wakati nyasi zimekauka. Na kuwa chemchemi za Marere, zilizo katika vilima hivi hivi, ndizo zilizotiwa mabomba tangu zama za Waingereza kuupelekea maji mji wa Mombasa. Mtoto wa mjini adhani maji huzaliwa ndani ya bomba. (Na bomba zetu, kama mjuavyo, si kulla siku zizaazo.)

Sasa mtazame baba mwenye kamera. Chini ya miti, jua likiinama, nuru ni chache, na kamera haina budi ya kuliacha jicho lake wazi kwa muda. Akiliacha nusu ya sekunde au sekunde nzima, maji hutoka kama moshi au maziwa. Akilifumba kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, kulla tone husimama hewani kama ushanga. Hayo yote mawili macho ya mtoto hayakuyaona. Basi baba atasimamisha miguu mitatu ya kamera, atapiga, atatazama, hataridhika, atapiga tena. Mtoto akikatiza mbele ataambiwa, "Toka hapo." Akija kuonyesha kaa aliyemwona jiweni ataambiwa, "Ngoja." Na ngoja ya mtu apigaye picha twaijua sote.

Yako ya ajabu katika khabari za chombo hiki. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya njia kubwa ya mji wa Paris, wakati watu na magari ya farasi wakipita. Lakini jicho la chombo chake lilikuwa wazi kwa dakika nzima nzima, na kulla kilichokwenda hakikuacha alama. Njia ikaonekana tupu, ila mtu mmoja aliyesimama akisafishwa viatu. Jioni ile msituni ni vivyo hivyo: mtoto achezaye mbele ya jicho lililoachwa wazi kwa muda mrefu hufifia, na akizidi kwenda mbio hapatikani kabisa. Mawe hutoka vizuri sana.

Turudi kwenye ahadi. Katika Sunan ya Abu Daud mna hadithi ya Abdullah bin Amir, kuwa mamake alimwita hali yeye ni mtoto, akamwambia aje apewe kitu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, amekaa nyumbani kwao. Akamwuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu, tende. Akaambiwa kuwa lau asingempa kitu angeandikiwa uwongo. Ni tende tu, na ni mtoto tu, na hata hivyo ilihesabiwa. Nami naona aliyesema, "Twende tukatazame maji," kisha akatazama kioo cha kamera mpaka askari akasema muda umekwisha, ameitoa tende akaila mwenyewe.

Huenda akasema msemaji: picha ni ya mtoto huyo huyo, ataikumbuka siku yake akiwa mtu mzima. Hoja hii ina nguvu, wala siidharau. Wako watu wazima ambao picha moja ya baba yao ndiyo mali yao yote. Lakini aulizwe mwenye hoja: katika picha hamsini za jioni ile, ngapi alimwonyesha mtoto, na ngapi alizituma kwa rafiki zake kabla hajafika kivukoni? Jawabu analo yeye. Na kama picha ni ya mtoto, basi moja yatosha, nayo apewe mtoto mwenyewe aipige, hata ikitoka mshazari na kidole kimeziba pembe.

Iliyobaki ni wakati wa kupanda. Mteremko wa kwendea ndio mlima wa kurudia, na mtoto wa miaka sita hataumaliza kwa miguu yake. Katikati ya njia atasimama na kuinua mikono, na kamera itarudi mkobani, kwani ataka kubebwa kwa mikono miwili.