Ukavu wa Maneno: Utovu wa Adabu au Uaminifu?

Katika Kiingereza liko neno "brusque", ambalo aghalabu wanafunzi wetu hukutana nalo katika vitabu vya hadithi, kisha hutujia wakitaka kujua Kiswahili chake. Ni sifa ya mtu ambaye kauli yake ni ya ghafula, haina utangulizi, wala haijali iwapo aliyeambiwa amekwazika. Asili yake ni neno la Kiitalia "brusco", lenye maana ya uchachu uonjwao ulimini. Likapitia Kifaransa, na katika karne ya 17 likaingia katika Kiingereza. Jamaa zake wawili wana asili nyingine: "curt" latokana na neno la Kilatini la kitu kilichokatwa kikawa kifupi, na "blunt" ndilo neno lilelile litumiwalo kwa kisu butu.

Kiswahili nacho kina njia zake. Twasema jibu la mkato, maneno makavu, kauli kali. Na mtu akizidi, twamwita mfedhuli. Lakini maneno haya hayalingani uzito. Tuchukue sentensi nyepesi ya Kiingereza isemayo kwamba daktari alikuwa "brusque" alipozungumza na mgonjwa. Mwanafunzi akiandika, "Daktari alimjibu mgonjwa kwa mkato," ametaja ufupi wa jibu tu. Akiandika "kwa ukali", ametia hasira moyoni mwa daktari. Akiandika "kwa ufedhuli", amekwisha kumhukumu. Na huenda daktari yule alikuwa na wagonjwa arobaini wakimngoja barazani, na usiku umekwisha kuingia. Kwa hiyo kufasiri sifa ya tabia si kazi ya kamusi peke yake. Ni kutoa hukumu juu ya mtu, na atoaye hukumu hana budi kujua anahukumu kwa sheria ipi.

Hapo ndipo swali la maadili linapozuka: je, ukavu wa maneno ni kosa kwa nafsi yake, au ni kosa machoni pa asiyeuzoea?

Mgeni atokaye Uingereza humsikia mtu akisema mezani, "Nipe chumvi," pasipo "tafadhali", akadhani ameonyeshwa ujeuri. Naye Mswahili humwona mgeni akiingia dukani na kuuliza bei kabla ya kutoa salamu, akastaajabu ni malezi gani hayo. Kila mmoja amemwona mwenzake mkavu. Adabu ipo pande zote mbili, ila imewekwa mahali mbalimbali. Mwingereza huiweka ndani ya ombi lenyewe. Mswahili huitanguliza katika maamkizi, kisha huifuma katika umbo la kitenzi. "Lete maji" si sawa na "niletee maji", wala hilo si sawa na "naomba uniletee maji". Hata kukanusha kuna upole wake: aulizwaye kama amejaliwa mtoto hujibu "bado", ijapokuwa miaka imepita, kwa kuwa "hapana" ni kama kuufunga mlango wa majaaliwa.

Hapa kwetu Uganda jambo hili limetugharimu sana. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902, na baada ya uhuru wa 1962 kikaendelea kuwa lugha ya askari. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Na hadi utawala huo ulipoangushwa mwaka 1979, raia wengi walikijua kwa sauti ya mwenye bunduki: simama, toka, kaa chini. Lugha inayosikika kwa vitenzi vya amri peke yake itaonekanaje, ila kavu? Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo, wako wazazi ambao masikio yao hayajasahau. Tuwaambie nini? Kwamba ukavu ule haukuwa wa lugha. Ulikuwa wa uhusiano: mmoja alisema, mwingine hakuruhusiwa kujibu.

Lakini tusiharakishe kuusifu upole. Tumfikirie mzee anayefuatilia malipo yake ya uzeeni. Karani wa kwanza humpa kiti, humwamkia kwa heshima, kisha humwambia, "Njoo kesho, mzee wangu." Kesho ikifika humwambia vivyo hivyo, na mwaka ukapita. Karani wa pili hainui hata uso. "Faili lako halina cheti cha kazi. Bila hicho hulipwi." Maneno hayo ni makavu kama ukuni, lakini mzee ameondoka akijua la kufanya. Ni nani kati ya hao aliyemheshimu? Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, walisema wahenga. Lakini hao hao walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Twaona basi kwamba mizani haiwi katika ufupi wa kauli wala katika sukari yake. Iwe katika mambo mawili: je, aliyeambiwa amepewa analohitaji kujua? Na je, ameachiwa nafasi ya kuuliza tena? Karani wa kwanza alishindwa katika la kwanza. Askari alishindwa katika la pili. Karani wa pili alifaulu katika la kwanza, na angaliinua uso, angalifaulu katika yote mawili pasipo kuongeza hata neno moja.

Mizani hii yatuhusu sisi walimu kabla ya wengine. Mwalimu mkuu akisema kwa mkato, twasema ana msimamo. Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, hapo umekosea," twasema hana adabu, na pengine twaandika hivyo katika ripoti yake. Kauli ni moja, ufupi ni mmoja, ila cheo kimebadili sifa. Tumfundishe mtoto huyo kusema, "Samahani, Mwalimu, naomba tuangalie tena mstari wa tatu," kwa maana kauli njema ni sehemu ya lugha na ni wajibu wetu kuifundisha. Lakini kwanza tuutazame ule mstari wa tatu. Ikiwa kosa lipo, tulisahihishe ubaoni mbele ya darasa zima, ndipo tumrekebishe kauli yake. Tukianza na kauli na kuliacha kosa, atajifunza kwamba adabu ni kunyamaza.