KIJANA, MIKONO YAKO INA KAZI!

Ndugu kijana uliyekaa kijiweni, je, umeshajiona una mkosi? Umeuza zabibu stendi hapa Dodoma, mtaji ukakata. Ukaendesha bodaboda, mwenye nayo akakunyang'anya. Ngoja nikueleze.

Nilivunjika paja. Aliyenisimamisha tena ni mtu wa mazoezi ya viungo, kazi wanayoiita fiziotherapia. Siku ya kwanza nilimchukia, jamani, maumivu yale! Akakunja goti langu kidogo kidogo, akanitembeza na magongo: leo hatua tatu, kesho tano. Waliopooza kwa kiharusi nao alikuwa nao hivyo hivyo.

Akaniambia, "Mtumishi, mimi nilikuwa utingo, nikawa kinyozi, kote nikashindwa." Ndipo akarudia mitihani ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, akaenda KCMC, Moshi, miaka mitatu. Uvumilivu alishajifunza kwenye lori!

Soma Matendo 3:7. Petro hakusema tu kwa mbali. Alimshika yule kiwete mkono, akamwinua.

Yesu anakuita leo, na mikono hiyo hiyo unayoidharau. Njoo mbele tuombe. Na vile vyeti ulivyoficha chini ya godoro, kesho uje navyo.