Pumziko la Jumapili

Mtu aliyezoea mbio huuona utulivu kuwa uvivu. Kosa hilo nililitenda nilipohamia Hamburg kufundisha Kiswahili. Kwetu Kariakoo Jumapili haizuii biashara. Kule nilikuta maduka karibu yote yamefungwa, nami sina mkate nyumbani. Nilinung'unika kuwa nimenyimwa uhuru wa kununua.

Baadaye nilijifunza kuwa kufuli zile zina sheria nyuma yake. Katiba ya Ujerumani ya 1919 iliilinda Jumapili iwe siku ya kupumzika na kuinua roho, na Katiba ya 1949 ikakirithi kifungu hicho. Ndipo nilipojiuliza: uhuru nilioutaka ungelipwa na nani? Ungelipwa na muuzaji, kwa saa zake za kukaa na wanawe. Haraka yangu ilikuwa mzigo juu ya mgongo wa mwingine.

Yaweza kujibiwa kuwa asiyeuza leo, kesho hali. Kwa mchuuzi wetu neno hilo ni kweli: pumziko lisilo na posho ni njaa. Basi haki ya kupumzika haitimii kwa kufuli peke yake. Yataka na ujira unaotosha. Siku hizi, kila Jumamosi, nanunua mkate wa siku mbili.